Koili ya Mizunguko Sitini na Tano

Kila asubuhi saa moja kamili, isipokuwa Jumapili, mimi ndiye niliyekuwa nikifungua kikao. Redio yangu ilikaa jikoni, kati ya jokofu na dirisha, na ukutani nilibandika orodha ya stesheni kumi na moja. Nilikuwa naita mmoja mmoja, na kila mtu anasema alichonacho: mvua kiasi gani, nani kalazwa, nani anauza trela. Wengi walikuwa hapa hapa Nebraska, wawili Kansas, mmoja Dakota ya Kusini. Ndiyo redio ya ridhaa hiyo, watu wanarusha sauti zao hewani kwa kupenda tu. Nilikuwa nimestaafu kuendesha basi la shule, kwa hiyo kuwanyamazisha watu nilikuwa na uzoefu nako.

Waliokuwa wananipa kazi ni mashemeji wawili. Verlyn Kratochvil alikuwa fundi wa kerezo, wa kuchonga vyuma, mstaafu, mjane, anaishi na karakana yake. Delbert Pospisil alikuwa mkulima wa mahindi, na ndiye aliyemuoa Arlene, dada yake Verlyn. Kwa miaka sita walikuwa wanakutana hewani kila asubuhi, na hawakuwa wamesemezana hata neno moja. Kila kitu kilipitia kwangu.

"Lavonne," Verlyn anasema, "mwambie huyo bwana aliyemaliza sasa hivi kwamba mashine yake inavuma."

"Delbert, Verlyn anasema mashine yako inavuma."

"Nimesikia. Mwambie ni masikio yake."

"Verlyn, anasema ni masikio yako."

"Nimesikia."

Na wale wengine tisa wanangoja zamu yao.

Ugomvi ulianza Juni mwaka 1988, kwenye shindano letu la kila mwaka. Klabu yetu ya redio inahamia malishoni na mahema, na kwa saa ishirini na nne mnajitahidi kuzungumza na stesheni nyingi kadiri mtakavyoweza. Kila mliyempata anaandikwa kwenye daftari. Delbert alikuwa na zamu ya alfajiri, peke yake. Mchana wake, sote tukiwa mezani na soseji na kabichi, Verlyn alikuwa anapitia lile daftari huku anakula. Akainua kichwa, akasema mbele ya watu wote, na Arlene yupo, "Delbert, hawa arobaini wa alfajiri umewatunga."

Delbert aliweka sahani yake chini, akamshika mkewe mkono, wakaenda kwenye gari. Hakukana, hakukubali. Klabu ikapeleka daftari bila kurasa zake. Miaka mitatu baadaye Arlene alikufa kwa saratani, na siku ya maziko hao mabwana walisimama mmoja upande huu wa kaburi na mwingine upande ule, wakaondoka bila kupeana mkono.

Mimi nilikuwa upande wa Delbert. Sikuficha. Niliwaambia watu kwamba Verlyn amepima vyuma maisha yake yote mpaka sasa anapima na binadamu. Maneno hayo yalipendwa, yakarudiwa sana pale dukani kwa Prokop, na najua yalimfikia mwenyewe.

Mwaka 1994, baada ya mavuno, Delbert alianguka kwenye ngazi za ghala akavunjika nyonga. Binti yake, anayekaa Omaha, akampangia chumba katika nyumba ya wazee pale mjini, ghorofa ya pili, chenye roshani. Mnara wake na waya wake mrefu vikabaki shambani. Msimamizi wa ile nyumba, Bi Tietjen, hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na kitabu cha kanuni. Alikubali fimbo moja ya alumini ya antena kwenye roshani. Isizidi mita mbili na nusu. Isitokeze nje ya ukingo. Na isimame kwenye kona, ambako haitaonekana kutoka barabarani.

Mawimbi yetu ya asubuhi ni marefu. Fimbo ya kuyatosha ingetakiwa kwenda juu karibu mita ishirini. Ukiipa redio fimbo ya mita mbili na nusu inaikataa, kwa hiyo katikati yake unaweka koili, waya uliozungushwa mara nyingi, na ile redio inaichukulia fimbo kana kwamba ni ndefu. Ila koili zinatofautiana. Mbaya itaikubalisha redio vizuri kabisa, halafu nguvu yote inaishia mle mle kwenye waya, inageuka joto.

Delbert aliagiza yake kwa posta. Ilikuwa nyembamba kama kidole gumba na waya wake kama uzi wa kushonea. Aliifunga siku hiyo hiyo, na asubuhi yake nikamwita.

Nilisikia kitu kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Nikashika irabu mbili tatu.

"Delbert, rudia."

Akarudia. Yule wa Dakota akasema hasikii mtu yeyote. Wa Kansas wakasema hivyo hivyo.

"Mita yangu ya kupimia antena inaonyesha safi kabisa," nilimsikia Delbert akisema kwa mbali. "Safi kabisa."

Ndipo Verlyn akaingia. "Lavonne, ni nani huyo?"

"Unajua ni nani."

"Mita ikiwa safi namna hiyo na fimbo fupi namna hiyo, koili inakula. Usimwambie kitu. Nasema tu."

Ikaendelea hivyo wiki nzima, kisha ya pili. Namwita, nangoja, nasikia mnong'ono, napita kwa mwingine. Jumatano ya wiki ya tatu hakuitika kabisa. Nilimpigia simu. Akasema alikuwa macho na redio ilikuwa imewashwa, ila ameona hakuna haja ya kuwachosha watu.

Alasiri ya siku hiyo Verlyn alikuja mlangoni kwangu. Hakuwahi kuja tangu mwaka 1988. Alisimama kwenye kizingiti na kofia yake kichwani.

"Ukingo wa ile roshani ni chuma au mbao?"

"Roshani ipi?"

"Lavonne, usinichezee. Chuma au mbao?"

"Sijui. Chuma, nadhani."

"Usidhani. Nenda na futi kamba. Nataka urefu wa fimbo, unene wake juu na chini, na urefu wa huo ukingo wote. Na usiseme nani kakutuma."

Nilioka kolachi, vimikate vitamu vyenye jamu ya plamu katikati, ili niwe na sababu ya kwenda. Delbert alikuwa ameketi na fimbo yake ya kutembelea magotini, anatazama maegesho ya magari. Nikaweka sahani mezani, nikatoka kwenye roshani nikaanza kupima.

"Unafanya nini huko?"

"Napima mapazia."

"Huko nje?"

"Ndiyo."

Alikula kolachi moja yote kabla hajasema tena. "Fimbo ina kiungo pale katikati," alisema. "Kama mapazia yako yanahitaji kujua." Halafu akachukua ya pili.

Vipimo nilimpelekea Verlyn karakanani kwake. Alivisoma, akachukua penseli na nyuma ya kalenda ya duka la mbegu akaanza hesabu. Namna yake ya kufikiri ilikuwa ya kuongea na karatasi. Koili ikikaa chini kabisa ya fimbo, alisema, mizunguko inakuwa michache na kazi ni rahisi, lakini sehemu ya chini ndiyo inayorusha vizuri, na huwezi kuiziba na koili. Ikipandishwa katikati, mizunguko inakaribia kuwa maradufu, na uzito unakuwa juu, na upepo wetu unaujua ulivyo. "Katikati," aliiambia kalenda. "Afunge kamba ya nailoni dhidi ya upepo."

Kisha akaanza kutafuta kitu cha kuzungushia waya. Siku iliyofuata alirudi kwangu na kipande cha bomba la plastiki la kijivu na kipande cha plastiki angavu alichokata kwenye mlango wa nje wa zamani, ule wa kuzuia dhoruba. Akaviweka vyote ndani ya maikrowevu yangu pamoja na kikombe cha maji, akawasha dakika mbili bila kuniomba ruhusa.

"Gusa."

Nikagusa. Kile cha kijivu kilikuwa cha moto. Kile angavu kilikuwa baridi.

"Hicho ndicho alichonunua," alisema, akakitupa kile cha kijivu kwenye pipa langu la taka. "Si waya tu unaokula. Hata kinachoushikilia."

Ya kwanza aliiharibu. Aliizungusha ndefu mno na nyembamba, akaipima, akasema inafanana na soseji, akaikata. Ya pili niliiona ikitengenezwa. Alikuwa amekata vijiti vinne kutoka kwenye ile plastiki angavu, akavipigia mifuo kwa tupa, mfuo baada ya mfuo, akavipanga kuzunguka kopo. Akazungusha waya mnene wa shaba, na kando yake uzi wa kuvulia samaki wenye unene ule ule, ili kila mzunguko uache nafasi sawa na ule wa jirani. Alipomaliza akautoa ule uzi taratibu, akatia gundi kwenye mifuo, akalitoa kopo. Ikabaki shaba imesimama hewani, pana kama kopo la maziwa na ndefu kama kiganja na vidole vyake. Aliihesabu mara mbili kwa ncha ya penseli. Sitini na tano.

"Nzuri," nikasema.

"Uzuri haupimwi na mita," akajibu, lakini aliigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu zaidi ya alivyohitaji.

Niliipeleka ndani ya sanduku la viatu. Delbert alifungua kifuniko akaitazama bila kuigusa. Halafu akapitisha ukucha wake kwenye ile mifuo, mmoja mmoja, kama mtu anayesoma.

"Nani kaitengeneza?"

"Mtu."

"Mtu huyo ana tupa nzuri."

"Sijui habari za tupa."

"Mimi najua," alisema.

Tuliifunga pamoja, yeye akinielekeza akiwa kwenye kiti na mimi nikishika bisibisi kwenye baridi. Kwenye kona aliyoagiza Bi Tietjen palikuwa na bomba la bati la kuteremshia maji ya mvua kutoka paani, na fimbo ikawa inakwenda sambamba nalo, umbali wa kiganja. Sikuona ubaya wowote. Ndani, Delbert alikaa na mita yake kama nusu saa, akiandika tarakimu na kutikisa kichwa. Hakuniambia kitu.

Asubuhi nikamwita kama kawaida, na kikombe changu cha kahawa kikanigonga menoni. Sauti yake ilikuwa jikoni. Haikuwa kubwa kama ile ya shambani, lakini kila neno lilikuwa zima, na hata kikohozi chake nilikitambua.

"Lavonne," alisema, "nina ujumbe kwa aliyetengeneza koili hii. Mwambie ni kazi safi. Mwambie pia ameizidisha mizunguko miwili. Nimeikuta inashukia chini ya masafa yetu, na hapa ninailazimisha."

Kwa utaratibu wetu ilikuwa zamu yangu kurudia. Nilikuwa nimeshabonyeza kitufe. Verlyn akaingia juu yangu.

"Haijazidi."

Nikaachia kitufe.

"Imezidi miwili," Delbert alisema.

"Umeisimamisha wapi?"

"Niliporuhusiwa."

"Karibu na nini, Delbert? Kuna nini karibu?"

"Bomba la maji ya mvua."

"La plastiki au la bati?"

"La bati."

"Umbali gani?"

"Kiganja."

"Kiganja! Unaegemeza antena yangu kwenye bati halafu unanilaumu mimi? Bati ndilo linaloivuta chini! Sogeza fimbo!"

"Haisogezeki. Yule mama ana kitabu."

"Basi usikate kitu. Unanisikia? Kukata ni dakika moja, kurudisha ni siku nzima. Usiguse hiyo koili na mikono yako ya kukamulia ng'ombe."

"Sijawahi kufuga ng'ombe, Verlyn."

"Najua hujawahi kufuga ng'ombe!"

Waliendelea kwa dakika ishirini na mbili. Niliziangalia kwenye saa ya jiko. Walibishana juu ya unene wa waya, juu ya nguvu inayopotea kwenye kiungo cha fimbo, juu ya kama mita ya Delbert imewahi kusema kweli tangu ainunue. Nilipokuja kufunga kikao saa moja na nusu, stesheni nane zilikuwa hazijaitwa, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, nilimpeleka Verlyn pale nyumba ya wazee kwa gari langu, kwa sababu lake alisema linapiga kelele mbaya. Halikuwa linapiga kelele yoyote. Alikuwa na sanduku la vifaa magotini. Kwenye lifti aliivua kofia, akaivaa tena.

Delbert alifungua mlango mwenyewe, ameegemea fimbo.

"Umezeeka," alisema.

"Na wewe umefupika."

"Ni nyonga. Pita."

Verlyn alikwenda moja kwa moja kwenye roshani bila kuvua koti. Alimwita Bi Tietjen akajaribu kumwelezea habari za bati na shaba. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho, akasema kona ni ile ile, akaondoka na kitabu chake. Kwa hiyo ikabidi koili ndiyo ipungue. Verlyn alitoa mzunguko mmoja, wakapima. Akatoa nusu nyingine, wakapima tena, na sindano ikaanguka pale pale tulipopataka.

"Mmoja na nusu," Verlyn alisema. "Si miwili."

"Mmoja na nusu ni karibu na miwili kuliko na sifuri."

Niliwamiminia kahawa. Walikaa, Verlyn kwenye kiti kilichokuwa cha Arlene, kile chenye mto wa kitambaa cha maua. Ile mikono ya Verlyn ilikuwa na vumbi la shaba.

"Walikuwa thelathini na wanane," Delbert alisema.

Sikuelewa. Verlyn alielewa.

"Nilisema arobaini," alisema.

"Ulisema arobaini. Mbele ya watu wote. Walikuwa thelathini na wanane. Nilisinzia saa kumi alfajiri, nikaamka jua limetoka na ukurasa mweupe, nikaona aibu. Nikaandika. Nilivyoandika niliwahesabu, kwa hiyo najua."

"Miaka sita, Delbert."

"Ungesema thelathini na wanane ningekubali pale pale."

Verlyn alimtazama. Nilidhani atasimama aende zake. Midomo yake ilifanya kitu, nikaona kumbe anazuia kicheko, halafu ikashindikana, akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kwenye sahani. Delbert hakucheka. Alikuwa analitazama zulia, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Arlene alijua?" Verlyn aliuliza alipotulia.

"Nilimwambia mle mle garini. Akaniambia nirudi nikaseme. Nikawasha gari."

"Sikupaswa kulisema pale mbele yake."

"Hapana. Hukupaswa."

Hayo tu. Verlyn akaomba sukari, ingawa hatumii sukari, na wakarudi kwenye habari za kamba ya nailoni na upepo.

Mimi nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikuwa nimempikia Delbert chakula siku za msiba, nimekaa naye hospitalini, na kwa miaka sita nimemsema shemeji yake dukani na kanisani. Njiani kurudi nilisubiri mpaka tukavuka reli.

"Verlyn, mimi nilimwamini yeye."

"Najua."

"Na yale niliyosema juu yako, ya kupima vyuma..."

"Yale yalikuwa mazuri," alisema. "Mke wa mchungaji aliniambia. Angalia barabara."

Nilitaka anikasirikie kidogo, ingekuwa rahisi zaidi. Nilimshusha nyumbani kwake, akachukua sanduku lake la vifaa, akapunga mkono mmoja bila kugeuka. Jumapili, baada ya ibada, niliwatafuta watu watatu niliowahi kuwaambia yale maneno nikawaambia sikuwa sahihi. Wawili hawakukumbuka nazungumzia nini. Wa tatu alikumbuka, akasema yeye siku zote alijua Delbert ni mwongo, na hapo nikajikuta namtetea Delbert upya kwenye ngazi za kanisa.

Majira ya baridi yalipoingia, barafu ilikuwa inajishika kwenye ile fimbo na masafa yanateleza, na kila yalipoteleza Verlyn aliendesha gari lake mwenyewe kwenda kuyarudisha. Walianza kuchora koili nyingine, pana zaidi, na kofia ya waya juu ya fimbo ili mizunguko ipungue. Bi Tietjen alikuwa bado hajaambiwa. Nami saa moja nilifungua kikao, nikaita stesheni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikifika kwa hao wawili nilikuwa naachia kitufe naenda kukaanga yai, na nikirudi bado wanabishana, mpaka siku moja yule wa Dakota ya Kusini akaingilia kati, akauliza kwa adabu kama na yeye anaweza kusema habari za theluji.